Kazi ya hoteli imekwisha: tule vipi nyumbani?

SWALI: Nina umri wa miaka 38, naishi Fuoni, Unguja. Kwa miaka sita nilikuwa mhudumu wa hoteli upande wa Kiwengwa. Masika hoteli ikafungwa, ilipofunguliwa sikuitwa tena. Kazini nilikuwa nakula kantini mchana na usiku. Sasa asubuhi nanywa chai ya rangi na kipande cha boflo, mchana nashindia kahawa barazani, usiku nakula wali mwingi mpaka nashindwa kuinuka. Tumbo limetoka lakini nguvu sina, na usingizi siupati. Nyumbani tuko watano: mimi, mke wangu, mama yangu mwenye sukari, na watoto wa miaka tisa na minne. Fedha ya jikoni haizidi shilingi 12,000 kwa siku, mkaa haumo humo. Tule vipi?

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa mtihani huu. Ulipokuwa kazini kantini ilikufanyia mambo mawili: ilikulisha, na ilikupangia saa. Watu wengi wakipoteza kazi huhesabu fedha iliyokatika, wakasahau kwamba saa nazo zimekatika. Kwako wewe saa ndizo zilizoanza kuharibika, kwa hiyo tuanze nazo.

Mhudumu wa hoteli hutembea kutwa na hula saa zake. Sasa unakaa kutwa na njaa, kisha usiku unaila njaa yote kwa mpigo mmoja. Mtu aliyeshinda na njaa hula haraka, na habari ya kushiba huchukua kama dakika 20 kufika kichwani. Kabla haijafika, sahani ya pili imeshakwisha. Unalala tumbo limejaa wanga ambao mwili hauna kazi ya kuufanyia, nao hauna pa kwenda ila kuwa mafuta. Nguvu huna kwa sababu misuli haijengwi kwa wali na chai. Usingizi huna kwa sababu ya fikra, ndiyo, lakini pia kwa sababu ya tumbo zito na kahawa. Kafeini hukaa mwilini muda mrefu: nusu ya kikombe ulichokunywa saa kumi na mbili jioni bado imo damuni karibu na saa tano usiku. Baraza usiiache, maana mtu aliyepoteza kazi anahitaji watu. Kahawa inywe kabla ya Alasiri, vikombe viwili vidogo, na iwe baada ya chakula, isiwe badala yake.

Saa mpya usizitafute mbali. Adhana unayo. Kula baada ya Alfajiri, si zaidi ya saa moja na nusu asubuhi. Kula baada ya Adhuhuri. Kula mara tu baada ya Magharibi, kabla ya Isha. Chakula cha usiku kikiliwa saa moja, ukaenda msikitini na kurudi kwa miguu, utalala tumbo likiwa limeshatulia. Kwa wiki mbili za mwanzo shika saa hizi hata kama chakula chenyewe ni kidogo. Ukifunga Jumatatu na Alhamisi ni jambo jema, mradi daku usiiache na futari isigeuke kuwa karamu. Mfungo wa kuchukuliwa ili kubana matumizi tu, bila daku, utakurudisha pale pale kwenye sahani kubwa ya usiku.

Sasa tuje kwenye chungu. Fedha zikipungua, nyumba nyingi hukata kitoweo kwanza, mboga pili, mchele mwisho kabisa. Mimi nakushauri ufanye kinyume: punguza mchele, sukari na mafuta, kitoweo usikikate, kibadilishe. Nguru na jodari viache kwa sasa. Shika dagaa na choroko.

Tuhesabu kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokata tamaa bure. Mtu mzima anahitaji protini kiasi cha gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mwenye kilo 60 anahitaji karibu gramu 48 kwa siku. Kwenu nyote watano, watoto wakihesabiwa kwa uzito wao, ni takriban gramu 190. Gramu 300 za choroko kavu zinakupa kama 70. Gramu 100 za dagaa wakavu zinakupa kama 55. Nusu kilo ya mchele ina kama 35, na gramu 400 za unga wa ngano kama 40. Jumla 200. Umefika, na hujanunua kipande hata kimoja cha samaki mkubwa. Muhogo, ndizi na shelisheli sikuvitia kwenye hesabu kwa sababu protini yao ni kidogo mno. Hivyo vinashibisha, havijengi.

Katika zile shilingi 12,000 tenga 4,500 za mchele, unga na muhogo au viazi vitamu. 4,000 za choroko, dagaa na mayai machache ya watoto. 2,500 za mboga, matunda na nazi. 1,000 za mafuta, chumvi, viungo na sukari. Mgawo utacheza kwa bei za siku, lakini ile 4,000 usiiguse. Siku samaki walipo wengi na bei imeanguka, nunua fungu la vibua badala ya dagaa. Kusi likikaza na ngalawa zikalala pwani, rudi kwenye dagaa.

Dagaa wetu huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti samaki, kwa hiyo bidhaa hupungua na bei hupanda. Nunua wa wiki mbili wakati wa giza, uweke. Chagua wenye rangi ya fedha, wanaovunjika wakikunjwa. Waliogeuka manjano mafuta yao yamechacha. Wakipinda bila kuvunjika bado wana maji, wataota ukungu ndani ya mfuko. Ukifika nao nyumbani waanike juani saa mbili, waache wapoe, ndipo uwatie kwenye kopo lenye mfuniko. Ukiwafunga wakiwa na joto, mvuke utawaozesha.

Dagaa hawa wengi wamechemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na mama yako pamoja na wewe hamhitaji chumvi ile. Gramu 100, yaani kama viganja vinne vya mtu mzima, zioshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili, ziloweke dakika 10, zichote kwa mkono ukiacha mchanga chini ya bakuli. Usimimine, mchanga utawafuata. Kamua ndimu, kaanga kwa vijiko viwili vya mafuta na kitunguu mpaka wakauke vizuri. Usiongeze chumvi. Wakaange asubuhi: sehemu iliwe na chapati, inayobaki ikae kavu hadi mchana iliwe na wali na mchicha. Ukitaka mchuzi, nyanya na mbirimbi vitie mchana, wakati wa kula, kwa sababu dagaa wakavu hustahimili saa kadhaa na wa mchuzi hawastahimili. Waliwe na miba yao. Humo ndimo mna kalsiamu ambayo watoto wako hawaipati kwenye chai ya rangi.

Choroko ziweke usiku. Ziloweke tangu asubuhi, mwaga maji, tia mapya yafike vidole viwili juu yake, chemsha kwa nguvu dakika 10. Kisha funika sufuria vizuri, ivishe kanga nzito au blanketi, itie ndani ya kapu lililojazwa matambara, na uiache kuanzia Alasiri mpaka Magharibi bila kuifunua. Zitaiva kwa moto wake zenyewe, na mkaa utakaobaki kwenye seredani unatosha kuchemshia viazi. Ukizitoa, zirudishe motoni na tui, zichemke tena, mle zote usiku huo huo. Maharage mekundu usiyapike hivi. Yana sumu inayoondoka kwa kuchemka sana, angalau dakika 10 za kutokota kweli kweli baada ya kulowekwa usiku kucha, kisha yaive motoni hadi yawe laini. Yakipikwa kwa moto mdogo tu hutapisha na kuendesha.

Kuhusu nazi nina maoni ambayo mke wako huenda asiyapende mwanzo. Nyumba nyingi hutia tui kwenye wali, kwenye mchuzi na kwenye mboga, na nazi mbili zinakwisha kwa siku moja. Tumia moja, na itoe kwenye wali. Ipeleke kwenye mboga na choroko. Vitamini A ya mchicha, matembele na boga haiingii mwilini vizuri bila mafuta kidogo. Kwenye wali mafuta hayo yanaongeza uzito tu. Tui zito weka kando, tui la kupopolea ndilo la kupikia choroko, tui zito litie mwisho.

Kisamvu ni mboga ya fedha kidogo na ina faida kubwa, lakini kina asidi ya sianidi ndani yake. Kisibanduliwe na kutupwa chunguni kikiwa majani mazima. Kitwange mpaka kilainike, maana kule kutwanga ndiko kunakofungua sumu itoke. Kiache wazi kidogo, kisha kichemshe bila mfuniko kwanza, mvuke uende zake, ndipo utie tui na kufunika. Muhogo nao, ukiuonja mbichi ukaona mchungu, usiupike kama kawaida wala usimpe mtoto.

Kuna jambo moja linaharibu sahani za watu waliopoteza kazi, na halisemwi: daftari la duka. Dukani unakopesheka, kwa muuza mboga na muuza samaki hukopesheki. Basi taratibu nyumba inaanza kula kile kinachokopeshwa, mchele, sukari, unga, mafuta, biskuti za watoto. Mwisho wa mwezi deni ni kubwa na hakuna hata tone la mboga ndani yake. Kama huna budi kukopa, kaa na mwenye duka mkubaliane orodha fupi: mchele, unga, choroko, kunde, chumvi. Sukari, soda na biskuti visiandikwe kabisa, hata akija mtoto kutumwa. Fedha taslimu zote ziende sokoni, Mwanakwerekwe au gengeni kwenu, kwa mboga na kitoweo.

Kwenye sukari kuna akiba ambayo huioni. Watu watano, vikombe viwili kila mmoja, vijiko vitatu kila kikombe, ni vijiko 30, karibu gramu 120 kwa siku. Kilo inakwisha ndani ya siku nane. Shusheni hadi kijiko kimoja na mnabakiza karibu kilo mbili na nusu kila mwezi. Fedha hiyo ni choroko. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa mtu mzima kwa siku, na ikiwezekana isifike 25, na andazi, soda na juisi vimo ndani ya hesabu hiyo. Msiishushe kwa siku moja. Punguzeni nusu kijiko kila baada ya siku tano, na tieni iliki, tangawizi au mchaichai ili ulimi usilalamike.

Chai yenyewe msiinywe pamoja na chakula cha mchana wala cha usiku. Huzuia madini ya chuma ya choroko na mboga kuingia damuni. Ngojeni saa nzima. Badala yake kamueni ndimu juu ya choroko au kuleni kipande cha chungwa au papai papo hapo. Vitamini C hufanya kinyume cha chai, hulifungulia njia lile chuma. Mkeo anahitaji hili kuliko nyote, kwa sababu wanawake hupoteza damu kila mwezi.

Mama hahitaji chungu chake peke yake. Anahitaji sahani iliyogawiwa vizuri: nusu mboga, robo dagaa au choroko, robo wali au muhogo, yaani kikombe kimoja cha wali ulioiva, usiobonyezwa. Aanze kula mboga na kitoweo, wali uje mwisho. Sukari yake itapanda polepole zaidi. Tunda ale zima, kipande cha papai au ndizi moja ndogo, asinywe juisi. Jambo la kuogopwa hasa ni yeye kuruka mlo ili wajukuu washibe. Kina mama wetu hufanya hivyo kimya kimya. Akiwa anatumia sindano za insulini au vidonge vinavyosukuma sukari chini kama glibenklamaidi, mlo uliorukwa unaweza kumwangusha. Ukimwona ghafla anatokwa jasho, anatetemeka au anazungumza asiyoyajua, na bado anaweza kumeza, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, ngoja dakika 15, rudia kama hajapata nafuu, kisha ale chakula. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Na dawa zake zisipunguzwe ili zifike mwisho wa mwezi. Fedha ikikosekana, nenda ukaseme wazi kwenye kituo cha afya anachohudhuria kabla hazijamalizika.

Mtoto wa miaka minne tumbo lake ni dogo, milo mitatu haimtoshi. Mpe ndizi au uji saa nne na saa kumi. Yai moja kwake lina maana kubwa kuliko kwako.

Rahisi nayo ina hatari zake. Vibua na jodari walioshinda juani hutengeneza sumu iitwayo histamini, na moto hauiondoi. Ukila, uso unawaka, mwili unawasha, kichwa kinagonga, watu husema ni mzio. Samaki wa jioni wa bei ya kutupa, kama hajawekwa barafu, mwache hata kama hanuki. Wali uliolala usiku kucha bila friji, hasa ulioiva kwa nazi, nao usipashwe ukaliwa: vijidudu vyake huacha sumu isiyoondoka kwa kupashwa moto. Ndiyo maana nasema mchele upimwe. Gramu 100 kwa mtu mzima na 50 kwa mtoto mdogo, usibaki wa kutupa. Na jambo la tatu, ukiletewa nyama ya kasa usiipokee, aletaye awe nani. Machi 2024 watu tisa walifariki Pemba, kisiwani Panza, baada ya kuila, na wanane kati yao walikuwa watoto. Sumu yake haionekani, haina ladha, na haitoki kwa kupikwa.

Una muda sasa, na Fuoni mtu hakosi kona ya uwanja. Chukua viroba vitatu vya kilo 50, vitoboe chini, vijaze udongo sehemu mbili na samadi iliyokauka sehemu moja. Kimoja kipande mchicha. Baada ya wiki tatu hadi nne unachuma, ukikata juu na kuacha shina litoe tena. Viwili vipande matembele kwa vipande vya mtambaa vya urefu wa shibiri moja na nusu, fundo mbili au tatu chini ya udongo. Mwagilia asubuhi kwa maji yaliyooshea mchele. Zungushia wavu mapema, la sivyo kuku wa jirani watakutangulia.

Nimalizie na moyo, kwa sababu nao unakula. Kama hamu ya chakula imekufa kabisa, au hulali, au huoni raha ya kitu chochote kwa zaidi ya wiki mbili, huo si uvivu wala udhaifu wa imani. Ni maradhi yenye tiba, nenda hospitali ukamweleze daktari kama ulivyonieleza mimi. Ikikujia fikra ya kujidhuru, usingoje hata siku moja. Mwambie mkeo au rafiki akusindikize leo.

Wiki hii nendeni wewe na mama mkapimwe uzito kwenye kituo cha afya au duka la dawa, mwandike na tarehe, na upime kiuno chako kwa futi ya fundi, usawa wa kitovu. Rudieni baada ya wiki nne, asubuhi, kabla ya kula. Wewe kiuno kikipungua sentimita moja au mbili na uzito ukabaki karibu pale pale, sahani imekaa sawa. Mama akipungua zaidi ya kilo mbili bila kukusudia, au akiwa na kiu na kukojoa sana usiku, mpelekeni akapimwe sukari bila kungoja siku yake ya kliniki.